Stoo ya Mahindi Kisii na Nyamira: Jenga Nyembamba

Ukienda kwa fundi wa mbao pale Keroka, swali la kwanza atakalokuuliza ni stoo unaitaka ya magunia mangapi. Kwa mkulima wa Kitale anayevuna kiangazi kikikaribia, hilo ni swali la maana. Kwa mtu wa Kisii au Nyamira lilipaswa kuwa la tatu au la nne. La kwanza ni hili: mahindi yako yanaingia nyumbani yakiwa na maji kiasi gani? La pili: utayala mpaka mwezi gani? Ukishayajibu hayo mawili, upana wa stoo, urefu wake na hata mahali pa kuisimamisha vitajipanga vyenyewe, na mara nyingi utakuta unahitaji kitu kidogo kuliko ulichokuwa ukikiwazia.

Nyanda za Gusii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na sehemu za juu hupita hapo kwa mbali. Mvua yenyewe haiji ikakoma. Hupungua mwezi wa saba, ikapungua tena mwezi wa kwanza, lakini hakuna mwezi ambao mtu anaweza kusema sasa mbingu zimefungwa. Asubuhi jua huwaka vizuri, kisha kufikia saa nane au saa tisa mawingu yanayopanda kutoka upande wa Ziwa Victoria huwa yamekwisha kujikusanya juu ya vilima vya Manga, na turubai inabidi likunjwe mbio. Mahindi yaliyopandwa mwezi wa pili na wa tatu hukomaa katikati ya hali hiyo. Ukiyaacha shambani yakauke yenyewe, ndege, panya na wezi watayavuna kabla yako, na yale ambayo masuke yake yamesimama wima yatanyonya maji ya mvua hadi ndani ya gunzi. Isitoshe, shamba linahitajika kwa ajili ya msimu wa pili. Kwa hiyo watu huvuna mabichi, punje zikiwa na unyevu wa asilimia 25 au hata 30.

Kiwango salama cha kuhifadhi punje ni asilimia 13.5, na ndicho kinachotakiwa na viwango vya ubora vya Kenya. Kutoka 25 hadi 13.5 panaonekana karibu kwenye karatasi. Tupige hesabu basi. Ukitaka magunia manane ya kilo 90 yaliyokauka vizuri, ni lazima uyaanze yakiwa na uzito wa takribani kilo 830. Tofauti ya kilo 110 ni maji matupu, mitungi mitano na nusu ya lita ishirini. Maji hayo yote yanapaswa kutoka yakaenda mahali fulani. Stoo iliyofungwa pande zote, hata ikiwa imepakwa rangi na kuezekwa mabati mapya, huyarudisha usiku: mvuke hupanda, hugonga bati lililopoa, hudondoka juu ya mahindi yale yale. Ndiyo sababu mtu hufungua mlango baada ya majuma matatu akakutana na joto na harufu ya pombe inayochachuka.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii kwa kiwango hiki, na si kwa sababu walikuwa mafundi hodari kutushinda. Walikuwa wakihifadhi wimbi. Ekiage, lile ghala la mviringo la fito zilizosukwa, likiwa limeinuliwa kutoka ardhini na kuvikwa paa la nyasi, liliumbwa kwa ajili ya nafaka hiyo. Wimbi ni punje ndogo mno. Mdudu hapati mahali pa kutobolea na kutagia. Likishakauka, hukaa miaka bila kuharibika, na ndilo lililokuwa akiba ya kaya dhidi ya njaa. Kila mke alikuwa na ghala la nyumba yake, na mwenye boma alikuwa na lake. Mahindi yalipochukua nafasi ya wimbi katika karne iliyopita, ghala lilibaki lilelile huku kilichomo ndani kikiwa kimebadilika tabia kabisa. Punje ya hindi ni kubwa, laini ukilinganisha na wimbi, hushika maji kwa muda mrefu na hupendwa na kila mdudu. Anayeniambia nimjengee ekiage kwa kuwa ndiyo asili yetu humwambia sawa, lakini apande na wimbi.

Sasa tuje kwenye uamuzi wenyewe. Kazi zinazotakiwa kufanywa ni mbili, nazo hazifanani: kukausha na kutunza. Kukausha kunataka upepo mwingi upite kati ya mahindi. Kutunza kunataka hewa isiingie kabisa. Kosa kubwa la stoo nyingi za nyuma ya nyumba ni kwamba zimejengwa katikati ya hayo mawili. Zina uwazi wa kutosha kumwingiza mdudu na panya, ila si wa kutosha kutoa maji. Ushauri wangu kwa kaya ya kawaida ni kutenganisha kazi hizo: jenga stoo nyembamba ya fito kwa ajili ya kukaushia mahindi ya magunzi kwa majuma machache, kisha upukuchue, na utunze punje ndani ya nyumba katika vyombo visivyopitisha hewa. Stoo ya nje ni njia ya kupita. Si makao.

Upana ndio siri yote ya stoo ya kukaushia. Upepo ukiingia kwenye rundo la magunzi huchoka haraka. Ukifika katikati hauna nguvu ya kubeba mvuke. Vipimo vinavyotumika Afrika, ambavyo FAO imevieneza kwa miaka mingi, vinasema hivi: penye ukavu stoo inaweza kuwa na upana wa mita moja na nusu, penye hali ya kati mita moja, na penye unyevu mwingi ambapo mahindi huvunwa mabichi, sentimita 60. Sisi tuko katika kundi hilo la mwisho. Nikimwonea fundi huruma kwa sababu ya vipimo vya mbao zake nitamruhusu sentimita 70, basi. Urefu wa stoo hauna mpaka. Ukihitaji nafasi zaidi, irefushe kama basi. Usiipanue hata kidogo.

Watu hupinga. Husema stoo ya sentimita 70 ni kichekesho, kwamba majirani watauliza ni kibanda cha kuku au cha sungura. Hebu tupime ujazo. Mita moja ya ujazo ya magunzi yaliyomenywa hutoa takribani magunia manne ya punje. Stoo yenye upana wa sentimita 70, urefu wa mita mbili kwa ndani na kimo cha mita moja na nusu ina ujazo wa mita mbili na kidogo. Hayo ni magunia manane. Katika sehemu kubwa ya Kisii, ambako sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, shamba la mahindi la kaya moja mara nyingi ni robo au nusu ekari, iliyobanwa kati ya chai, ndizi na nyasi za ng'ombe. Nusu ekari iliyotunzwa vizuri ikitoa magunia manane kwa msimu, mwenye nayo amshukuru Mungu. Kwa hiyo kichekesho hicho kinatosha mavuno yote, na kwa kuwa mahindi hayakai humo zaidi ya majuma machache, stoo hiyohiyo itatumika tena Januari kwa mavuno ya mvua za vuli.

Borabu ni habari nyingine. Kule Nyansiongo na maeneo yaliyokuwa mashamba ya walowezi kabla ya kugawanywa baada ya uhuru, bado kuna wenye ekari kumi na zaidi, na stoo ya mita sita au nane kwa urefu si ajabu. Hata huko upana ubaki palepale. Upande wa chini, kuelekea Nyamarambe na Etago, joto ni zaidi na mahindi hukauka upesi kidogo, kwa hiyo mtu anaweza kwenda hadi mita moja akiyaacha shambani majuma mawili zaidi. Ila ajue kwamba joto hilohilo huwazalisha wadudu kwa kasi kuliko kule juu kwenye baridi, Kiabonyoru.

Mahali pa kuisimamisha panataka macho. Boma la Mgusii limezungukwa na migomba, na chini ya migomba huwa kuna kivuli, unyevu na utulivu wa hewa, mambo matatu ambayo mahindi hayataki. Nepia nayo ni nyumba ya panya. Tafuta sehemu ya boma iliyoinuka, ambapo ukisimama saa tano asubuhi unausikia upepo shavuni, na uelekeze ubavu mrefu wa stoo upande upepo unakotoka. Ukielekeza kichwa chake kwenye upepo, umejenga kwa bure. Acha mita mbili au tatu za uwazi kuizunguka pande zote, bila mti wala ukuta. Pawe pia panaonekana kutoka dirisha la chumba cha kulala, kwa sababu wizi wa mahindi upo, na ndio uliowafanya wengi wayaingize mahindi mabichi sebuleni na kuyavundisha humo. Stoo nyembamba unaweza kuifungia waya na kufuli. Pia hutapoteza usingizi miezi sita, utaupoteza mwezi mmoja.

Nguzo zinatakiwa ziwe imara kwa sababu kitu chembamba kilichoinuliwa juu hupenda kuanguka. Nguzo sita za mkaratusi, tatu kila upande, zichimbiwe sentimita 60 chini ya udongo wetu mwekundu na zifungwe mihimili ya mshazari ili zisiyumbe. Mchwa ni wengi. Wengine hupaka oili chafu ya gari sehemu inayozama ardhini, na inasaidia kwa muda. Anayejiweza asimamishe nguzo juu ya vipande vya zege. Sakafu iwe mita moja kutoka ardhini. Kimo hicho kinatokana na panya, maana panya mkubwa huruka karibu sentimita 90 akiwa amesimama, na hupanda nguzo yoyote isiyokuwa na kizuizi.

Kizuizi chenyewe ndicho kitu ambacho nikikagua stoo hukitazama kabla ya kingine chochote. Chukua mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, ukate mdomo na kitako, uupasue ubavuni, uukunje kuwa koni, uuvishe kwenye nguzo mdomo mpana ukitazama chini, uupigilie misumari kimo cha kiunoni. Ukingo wake uwe umetoka kwenye nguzo kwa sentimita 20 hivi, na ushikane na nguzo kiasi kwamba hata kidole hakipiti. Panya akifika chini ya koni hiyo hana pa kushika. Nguzo sita, koni sita; ukivisha tano umemwachia ngazi. Halafu mtu anayafanya hayo yote vizuri, kisha anaegemeza jembe ukutani, au anarundika kuni chini ya sakafu kwa kuwa hapo hapanyeshewi. Kuni ni ngazi ya panya, na kama tutakavyoona ni hoteli ya dumuzi. Chini ya stoo pawe patupu, pamefagiliwa.

Kuta zijengwe kwa fito au mbao nyembamba, zikiwa na nafasi kiasi kwamba gunzi halidondoki lakini upepo unapita. Karibu nusu ya ukuta iwe uwazi. Sakafu vivyo hivyo. Bati la paa litokeze kwa sentimita 60 kila upande, kwani mvua yetu hupiga kwa mshazari na mara kwa mara huja na mawe. Kwa stoo ya mita mbili niliyoieleza, mabati matano ya mita mbili yatatosha paa la mteremko mmoja. Acha kiganja kizima cha nafasi kati ya kilele cha ukuta na bati ili mvuke upate kutoka. Kuna wanaofunika pengo hilo kwa nailoni wakiogopa mvua, wakasahau walijenga kwa ajili gani.

Mahindi yamenywe maganda kabla ya kuingia. Najua wapo wanaoyaacha na maganda yake wakisema ndiyo kinga dhidi ya wadudu, na kwa mahindi ya kienyeji yenye ganda linalofunika hadi nchani kulikuwa na ukweli ndani yake. Aina za kisasa nyingi huacha ncha wazi, mdudu huingilia hapo, na ganda linabaki na kazi moja tu ya kuzuia ukaukaji. Ukimenya, chambua. Gunzi lenye ukungu wa waridi, wa kijani au mweusi lisiingie kabisa.

Nimemtaja dumuzi. Mdudu huyu, ambaye wakulima wengi nchini humwita Osama, asili yake ni Amerika ya Kati. Alibainika Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 akawa ameingia Kenya kupitia Taveta. Fukusi wa zamani alitutia hasara, lakini alikuwa mdudu wa kuvumilika. Dumuzi hatoboi punje tu; anaisaga. Ukiinua gunzi alilolishambulia, unga mweupe humwagika kama wa posho mili, na mkononi unabaki na kitu chepesi chenye matundu. Anapenda hasa mahindi ambayo bado yako kwenye gunzi, kwa sababu punje zikiwa zimeshikana humpa mahali pa kuegemea anapotoboa. Pia hutoboa mbao kavu, na anaweza kujificha humo mpaka mavuno yajayo. Hapa ndipo mila ya kuweka mahindi ya magunzi stooni hadi Pasaka ilipokufa. Kadiri magunzi yanavyokaa, ndivyo unavyomfuga. Yakishakauka, pukuchua siku hiyohiyo unapoweza, na ubomoe na kuchoma mbao zozote ulizoona zina matundu yenye unga.

Utajuaje yamekauka? Kipima unyevu cha kisasa kina bei, ingawa vikundi vingine hununua kimoja wakakitumia kwa zamu, na baadhi ya maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, hupima na hata kukausha kwa malipo. Nyumbani kuna njia ya chumvi. Tafuta chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko. Weka punje hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi laini ambayo umeikausha juani au juu ya jiko hadi ikawa inateleza. Funga, tikisa dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mahindi kwenye turubai. Ikianguka chini yote bila kushika kioo, uko chini ya 15. Bado si 13.5. Zipe punje siku moja au mbili zaidi za jua, kuanzia umande unapokauka hadi kabla ya yale mawingu ya saa nane, juu ya turubai na si juu ya udongo wala kandokando ya lami. Kung'ata punje kwa meno, njia inayopendwa sana sokoni Daraja Mbili, humdanganya hata mnunuzi mzoefu.

Baada ya hapo ndipo swali la utunzaji linapokuja, na majibu mazuri kwa sasa ni mawili. La kwanza ni magunia yasiyopitisha hewa. Maarufu zaidi, PICS, yalitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani uliofanywa Kamerun miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde. Ni mifuko miwili minene ya nailoni ndani ya gunia la kawaida. Unajaza punje, unakamua hewa iliyobaki juu, unasokota mdomo wa mfuko wa kwanza, unaukunja, unaufunga kwa kamba, kisha wa pili, kisha gunia. Wadudu waliomo ndani hupumua hadi hewa yao inakwisha. Hawali tena, hawazai, hufa. Hakuna dawa. Bei ya gunia kama hilo haifikii bei ya kilo kumi za mahindi, na likitunzwa hutumika misimu miwili au mitatu. Udhaifu wake ni tundu. Panya hulitoboa, dumuzi naye anaweza, ndiyo maana linakaa ndani ya nyumba juu ya mbao, mbali na ukuta, na halivutwi sakafuni. Na likiwekwa mahindi mabichi, huyavundisha vizuri kuliko chombo chochote ninachokijua.

Jibu la pili ni silo ya bati, ambayo Kenya iliisikia zaidi kupitia kazi ya CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, ikiwa imeshatumika miaka mingi Amerika ya Kati. Ni pipa la mabati laini lililochomelewa risasi, lenye mdomo juu na tundu la kutolea chini. Panya hawezi, dumuzi hawezi, mwizi atahitaji watu wanne. Ukishaijaza, unawasha mshumaa juu ya punje, unafunga kifuniko na kuziba ukingo wake kwa utepe wa mpira. Mshumaa unakula hewa iliyobaki na kuzimika wenyewe. Hudumu zaidi ya miaka kumi. Lakini gharama yake ni kubwa, na kwa magunia manane siioni ikimlipa mtu haraka. Mwenye magunia ishirini Borabu, au kikundi cha akina mama kinachonunua mahindi wakati wa mavuno na kuyauza Mei, hao waifikirie. Iwekwe kivulini. Silo iliyosimama juani hutokwa jasho ndani kama ile stoo ya bati tuliyoanza nayo.

Unga wa dawa bado una watumiaji wengi. Ile ya kawaida kwenye maduka ya pembejeo huchanganywa gramu 50 kwa gunia la kilo 90, kwenye punje zilizopukuchuliwa, kavu, juu ya turubai, kwa koleo, hadi ienee. Kuinyunyizia juu ya magunzi kama majivu ni kupoteza pesa. Soma lebo uone tarehe na muda wa kusubiri kabla ya kula. Na kuna jambo ambalo halina mjadala: zile tembe za kufukiza nafaka, ambazo watu hununua moja moja zikiwa zimefungwa kwenye karatasi, hutoa gesi inayoua binadamu. Gunia lenye tembe ndani likiwekwa chumba wanamolala watoto linaweza kuwaua wote usiku mmoja. Tembe hizo ni za wataalamu na maghala yaliyozibwa. Nyumbani zisiingie.

Kuhusu sumu ya ukungu, watu wa hapa husema aflatoksini ni ugonjwa wa Ukambani. Ni kweli kwamba mlipuko mbaya zaidi nchini, ule wa mwaka 2004 uliowapata watu 317 na kuua 125, ulikuwa hasa Makueni, Kitui na maeneo jirani. Joto na ukame huko huusaidia ukungu wa aflatoksini. Kwetu ubaridi na unyevu huita ndugu zake, ukungu wa aina ya Fusarium, ule wenye rangi ya waridi unaoozesha gunzi tangu shambani, nao una sumu zake. Mahindi mabichi yaliyorundikwa chumbani karibu na jiko hupata joto la kuwatosha wote wawili. Kupika hakuondoi sumu hizo. Kuosha hakuziondoi. Na yale magunzi mabovu uliyoyachambua mlangoni mwa stoo usimpe kuku wala usiyapeleke kwenye busaa. Ng'ombe akila aflatoksini, sehemu yake hurudi kwako kwenye maziwa. Yatupe shimoni, uyafukie.

Kibanda cha zana sikukizungumzia kwa sababu kina haki ya kuwa kibanda kingine. Mbolea hunyonya maji hewani na hutoa chumvi inayokula mabati. Dawa ya kunyunyizia chai au nyanya ina mvuke unaoingia kwenye nafaka. Hivi havilali chumba kimoja na chakula. Kwa jembe, panga, pampu na kapu la kuchumia majani chai, kibanda kilichofungwa pande zote, cha mbao au hata vile vya plastiki vinavyoletwa kutoka Nairobi, kinafaa kabisa. Hapo ndipo fundi aonyeshe ustadi wake wa kupanga mbao bila mwanya.

Anayetaka stoo ya mavuno yajayo amwite fundi mwezi wa tano. Mwezi wa saba mafundi wote huwa wamekamatwa, mkaratusi unauzwa ukiwa mbichi, na nguzo mbichi ikikauka ikiwa imebeba mzigo hujipinda na kuachia misumari. Wiki moja kabla ya kuvuna fagia stoo ya zamani, kwangua nyufa, choma takataka zote za msimu uliopita, na ukague koni za nguzo kama hazijaoza kwa kutu. Kisha toa ile mifuko ya nailoni uliyoitumia mwaka jana. Ijaze hewa mmoja mmoja, ikamate mdomo, ikamue taratibu ukiisogeza karibu na shavu. Ukisikia upepo unavuja, tafuta tundu. Dogo unaweza kuliziba kwa gundi ya utepe, na mfuko uliotoboka mara nyingi ubaki wa kubebea maharagwe yanayokwenda sokoni wiki hiyohiyo.